Labeka Bila Miguu

Nilimwita binti yangu mara tatu jioni ile.

Mara ya kwanza aliitika vizuri, "Labeka, baba!", kama alivyofundishwa na bibi yake. Sikumwona. Nikaita tena. "Labeka!" Sauti ileile tamu, kulekule chumbani. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa uani na ndoo mkononi, maji ya bomba yameanza kupungua nguvu na mapipa mawili bado matupu. Kwetu maji hutoka kwa zamu, na asiyekinga yanapotoka atayafuata mbali na dumu kichwani. Akaitika tena. Nikapandisha sauti: "Sikukuita unijibu! Nimekuita uje!"

Akaja mbio, kalamu ingali mkononi, macho yamemtoka. Akachukua ndoo.

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Aliendelea kukizungusha kifuu, nazi nyeupe ikidondoka kwenye sinia, na alipoumaliza upande ule akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya samaki:

"Na wewe, baba, naam zako zimefika ngapi?"

Nilijua anachosema. Ilikuwa Septemba. Tangu Pasaka alikuwa amenituma Pemba kwa kaka yangu, na kila aliponikumbusha nilimjibu, "Naam, mama, nitakwenda." Pemba yenyewe nilikuwa bado sijakwenda.

Swali lile lilikaa nami wiki nyingi. Nilikuwa nalo kwenye daladala, nilikuwa nalo kanisani, nililala nalo.

Kuitika

Sisi tuliolelewa visiwani tunajua kwamba mtoto haitwi akanyamaza. Msichana ataitika labeka, mvulana ataitika naam, na akijibu "nini?" au "nani?" atarudishwa akaanze upya. Labeka ni neno tulilolipata kwa Waarabu, ndilo hilohilo mahujaji wanalolitamka wakielekea Makka: nimeitika wito wako, niko mbele yako. Kwa hiyo binti yangu alikuwa akiniambia "niko mbele yako" huku yuko chumbani anachora maua kwenye daftari la skuli.

Kiswahili kina njia yake ya kumsema mtoto mkaidi. Hatusemi amekataa. Tunasema hasikii. Masikio yake mazima, hata chakula kikipakuliwa jikoni anajua, lakini hasikii. Na mtoto mwema tunasema anatumika: ukimwambia "hebu nikutume dukani" anainuka. Usikivu na utii tumeviweka chungu kimoja, na sidhani kama waliotuwekea lugha hii walifanya hivyo kwa bahati.

Usiku ule nilifungua Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, nikasoma mstari ambao nimeusikia ukihubiriwa pengine mara hamsini: "Kwa imani Ibrahimu alipoitwa aliitika, atoke aende mahali pale atakapopapata kuwa urithi, akatoka asijue aendako." Nilikuwa siku zote nakimbilia ile "asijue aendako", kwa sababu ndipo wahubiri wanapopandisha sauti. Sasa jicho langu likanasa kwenye maneno mawili, aliitika na akatoka. Hapana nafasi kati yake. Kati ya naam yangu na kutoka kwangu kulikuwa na miezi mitano.

Niliyofanya badala ya kwenda

Nisije nikaonekana nilikuwa nimekaa bure. Nilifunga kila Ijumaa. Niliomba kwa ajili ya kaka, kwa jina, asubuhi na jioni. Niliweka nia ya misa kwa ajili ya amani katika ukoo wetu. Nilimtumia pesa kwa simu, kiasi ambacho kwangu si kidogo, na zikarudi siku ileile, bila neno.

Yaliyotukosanisha ni mikarafuu. Babu yetu alivuka kutoka Bara kuja kuchuma karafuu, akabaki, na baada ya Mapinduzi akapata eka tatu zake kama wengine. Baba akazirithi. Baba alipofariki, kaka aliikodisha mikarafuu kwa mtu, misimu miwili mbele, akachukua pesa, na hakumwambia yeyote. Mimi niliyasikia siku ya arobaini ya baba. Nikasimama mbele ya wazee, mbele ya majirani, mbele ya watoto wake, nikamwita mwizi.

Ilikuwa miaka minne iliyopita. Hatukusemezana tena.

Na mimi, hata sasa ninapoandika, kwa habari ya ile mikarafuu naona haki ni yangu. Nilimwambia mama hivyo. Nilimpangia hoja kama wakili: nani alimwambia akodishe, pesa zilikwenda wapi, kwa nini mdogo ndiye amfuate mkubwa aliyekosa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema:

"Sikukuuliza nani mwenye haki. Nimekutuma."

Nabii Samweli alimwambia mfalme Sauli, "Kutii ni bora kuliko dhabihu, na kusikia kuliko mafuta ya beberu." Kisa kile cha Sauli na Waamaleki kina mambo yanayonipa taabu, na siwezi kujifanya nayaelewa yote. Lakini picha ya mfalme anayekuja na kondoo na ng'ombe wazuri wa sadaka, huku lile aliloambiwa hakulifanya, hiyo niliielewa bila mwalimu. Ijumaa zangu zilikuwa beberu. Misa niliyoiwekea nia, beberu. Pesa za simu, beberu mnono. Nilikuwa radhi kumpa Mungu chochote ila safari ya siku moja.

Pale Mkunazini

Hapa ndipo mashaka yangu yalipoanza, na sitaki kuyapita haraka.

Katika wiki hizo nilikuwa na zamu ya kusoma somo katika sala za jioni, Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini. Somo lilikuwa mwanzo wa Waraka kwa Warumi. "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume..."

Nikasita. Waliokuwapo walidhani nimepoteza mstari.

Aliyeingia kanisa lile anajua limesimama juu ya nini. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi. Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru sakafuni, na inasimuliwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na mti waliofungwa watu wakachapwa, ili mnunuzi aone nani anavumilia na nani analia. Askofu Edward Steere, aliyelijenga kanisa, amezikwa nyuma ya madhabahu hiyohiyo. Ndiye aliyetumia miaka yake hapa Unguja kuyatia Maandiko katika Kiswahili cha mji huu. Na mimi nimesimama hatua chache kutoka kwenye duara lile, nasoma kwa sauti, "mtumwa".

Utii pale ulifundishwa kwa kiboko. Waliouzwa pale walikuwa wasikivu kuliko mimi. Walitumwa wakaenda, waliitwa wakaja. Je, huo ndio Mungu anaoutaka? Na kama sio, kwa nini neno ni lilelile?

Nililigeuza neno hilo siku nyingi. Mtumwa, mtumishi, mtume: yote yametoka kwenye kutuma na kutumika. Katika mstari ule mmoja Paulo anaitwa mtumwa na anaitwa mtume, na katikati yake limekaa neno "aliyeitwa". Mistari michache mbele anasema amepewa utume ili mataifa yote wajitiishe kwa imani. Kwa imani. Kiboko hakihitaji imani. Mtu aliyefungwa kwenye mti hakuwa na haja ya kumwamini anayemchapa, na anayemchapa hakuwa na haja ya kuaminiwa. Hapo nilipata kamba ya kwanza ya kushika, ingawa haikunifikisha mbali.

Haikunifikisha mbali kwa sababu nimeona kiboko kikiingia kanisani kwa mlango mwingine. Nimemsikia kiongozi wa kanisa akimwambia mama mmoja, uso umevimba kwa kipigo cha mumewe, "Rudi nyumbani, ukatii." Nilikuwa kijana, nilikuwepo, nikanyamaza, nikidhani kunyamaza nako ni utii. Yule mama alirudi. Kila nikisikia neno utii likihubiriwa kwa nguvu sana, namuona akishuka zile ngazi, kanga kaifunika usoni.

Kwa hiyo nasema wazi: yeyote anayelitumia jina la Mungu kumtaka mtu avumilie kudhulumiwa anadai kitu ambacho si chake. Petro na mitume walisema mbele ya baraza, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu," na hawakuwa wakaidi waliposema hivyo. Hapahapa kwetu, Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi kufa kwake 1924, aliandika mwaka 1920 kuipinga serikali ya nchi yake mwenyewe, Uingereza, kwa sababu ya kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Utii wake kwa Mungu ndio uliomfanya asiitikie huko kwingine.

Basi kumbe si kila anayeniita ananiita kwa haki. Nikajiuliza: na hili la Pemba, ni mwito wa nani? Mama ni mtu. Mama naye anaweza kukosea. Labda anataka tu wanawe wapatane kabla hajafa, kama mama yeyote.

Nilitaka sana jibu liwe hilo.

Jirani yangu na alfajiri

Ukuta mmoja tu unanitenganisha na jirani yangu, fundi wa pikipiki. Kila siku, adhana ya alfajiri ikitoka, nasikia mlango wake. Kisha kata inagonga ndoo, anatawadha. Kisha ndala zinaburuta kuelekea msikitini. Mvua inyeshe, awe amelala saa saba kwa kazi, ndala zitapita. Hajawahi kunihubiria hata neno moja.

Tunatofautiana katika mambo makubwa, mimi na yeye, na tunajua hivyo. Lakini asubuhi moja nilizisikia zile ndala nikiwa macho, nimepiga magoti, naomba kwa mara ya mia Mungu anionyeshe mapenzi yake kuhusu kaka yangu. Nikaona haya. Yesu alikwishasema, ukikumbuka mbele ya madhabahu kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, nenda kwanza ukapatane naye. Hakusema ukikumbuka kwamba wewe una neno juu yake. Alisema yeye juu yako. Na kaka alikuwa na neno juu yangu. Nilimwita mwizi mbele ya watoto wake.

Mama hakuwa ametunga amri. Alikuwa akiniletea ile niliyokwisha kuisoma.

Lilibaki jambo moja, na kwa sisi tuliofundishwa kwamba tunaokolewa kwa neema, ni zito. Niliogopa nisije nikaenda Pemba kama mtu anayelipa deni, nikarudi nikijiona mwema. Nikifunga Ijumaa ni beberu. Je, nikipanda boti, hiyo nayo haitakuwa beberu wa pili?

Aliyenitoa hapo ni binti yangu, bila kujua. Siku ile nilipomfokea aliniuliza baadaye, mapipa yakiwa yamejaa, "Baba, ningekataa ungenifukuza?" Nikamvuta kwangu. Nilimwambia hapana, wewe ni wangu hata ukikaa huko chumbani mpaka asubuhi. Hakuwa mwanangu kwa kuitika. Aliitika kwa kuwa ni mwanangu. Lakini labeka yake bila miguu iliniuma, na miguu yake ilipokuja ilinifurahisha, na furaha ile haikuwa ya ndoo.

Niliandika maneno hayo kwenye simu yangu, usiku, nikayasoma tena asubuhi. Kisha nikaenda bandarini Malindi, hapa Unguja, kukata tiketi.

Mkoani

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeanza. Bahari ilichafuka na watu wengi walitapika. Mimi nilikuwa nimekamata kiti mbele yangu kwa mikono miwili, na kusema kweli nusu ya kichefuchefu kile hakikuwa cha mawimbi. Nilikuwa natunga maneno. Nitaanza na salamu, nitataja marehemu baba, nitasema "tulikoseana". Neno hilo nililipenda. Tulikoseana. Linagawa kosa sawasawa.

Kutoka bandari ya Mkoani mpaka mji wa Chake Chake njia nzima inanuka karafuu msimu ukiwa mzuri. Majamvi yametandazwa kando ya barabara, karafuu mbichi za kijani na wekundu kidogo, zilizokwisha kukauka zimekuwa kahawia. Katikati ya kisiwa, karibu na Chake, pana Banani. Mwaka 1897, hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja na Pemba, walikuja Wakristo wa Chama cha Marafiki kutoka Uingereza, wakawa na shamba la mikarafuu hapo kwa ajili ya waliotoka utumwani. Nilikuwa naijua habari hiyo tangu mtoto, lakini siku hiyo niliipitia nikiwa na swali.

Nikawafikiria watu wale. Mwaka mmoja mtu anapanda mkarafuu kwa sababu akikataa atapigwa. Mwaka wa pili anapanda mkarafuu kwa hiari, jioni anapokea ujira wake. Tawi ni lile, namna ya kulivuta ni ileile, makonyo anayachambua vilevile. Ukimtazama kutoka barabarani huoni tofauti yoyote. Yeye anaiona.

Jamvi

Nilimkuta kaka uani anageuza karafuu kwa mguu, zile hatua za kuburuta tulizofundishwa na baba. Amezeeka. Nywele za pembeni zimekuwa nyeupe zote, na miaka minne iliyopita hazikuwa. Aliniona. Hakusimama, aliendelea mpaka mwisho wa jamvi, akageuka, akarudi.

"Salama?"

"Salama, kaka. Shikamoo."

"Marahaba."

Halafu hakuna. Kwa upande wa magharibi wingu lilikuwa limejikusanya, jeusi, na upepo ulikuwa umeanza kuinua pembe za jamvi. Akatazama juu. Mimi pia nikatazama juu. Mvua ya kwanza ikadondoka begani kwangu.

"Shika huko," akasema.

Nikatupa mkoba, nikashika pembe. Tukakunja jamvi la kwanza, la pili, la tatu, watoto wake wakubwa wanakusanya kwa mafagio, mkewe analeta magunia, mvua inatufuata. Jamvi lililojaa karafuu ni zito. Ukilishika vibaya linamwagika upande mmoja, na lazima uende kwa mwendo wa mwenzako. Tulikwenda kwa mwendo mmoja. Tulipoingiza la mwisho tulikuwa tumerowa, na kibaraza kizima kilinuka mpaka machozi yakawa yananitoka, na nilifurahi kwamba karafuu ilinipa sababu.

Usiku, baada ya kula, watoto wamelala, nilikaa naye kwenye mkeka. Maneno ya botini yote yalikuwa yameniruka. Hata ile "tulikoseana" sikuitumia. Nilisema, "Kaka, nilikuita mwizi mbele ya wanao. Nimekuja kukuomba radhi."

Alikaa kimya muda mrefu. Mvua ilikuwa imebaki matone ya paa tu.

"Nani kakutuma?"

"Mama."

Akatikisa kichwa polepole. Akanitazama, mara ya kwanza tangu nifike.

"Mama tu?"

Nilitaka kumjibu upesi, sikuweza. Nikafikiria pipa, na ndala za jirani, na lile duara la marumaru.

"Hapana," nikasema. "Si mama tu."

Hakuzungumzia mikarafuu, nami sikuizungumzia. Hatujaizungumzia hadi leo, na najua siku moja itabidi. Alijisogeza akanipa nafasi niegemee ukuta, akamwita mwanawe mkubwa alete blanketi. Kijana akaitika kutoka ndani, "Naam!", na kabla mlio haujaisha nikamwona mlangoni, kajitanda usingizi, blanketi kifuani.